Pumzi ya Mama kwa Selo na Kompyuta

Kaka yangu alinituma waya. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, kesho yake tuna onyesho, na yeye alikuwa amepiga magoti jukwaani anahesabu vitu vyake, akagundua waya mmoja mrefu wa spika ameusahau nyumbani. "Mdogo wangu, nifuatie. Uko chumba cha mama, kwenye sanduku jeusi. Ufunguo huu hapa." Nikamwambia mimi si tarishi wake. Akacheka. Nikachukua ufunguo nikaenda, maana ndivyo tulivyo tangu utotoni: yeye anaagiza, mimi nanung'unika, halafu nakwenda.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mambo ya mashetani. Mtu akianza kunisimulia nyayo na vivuli huwa namuuliza jana yake alilala saa ngapi. Kwa hiyo sina haja ya kumtisha mtu hapa. Nina hasira tu, na nataka niitoe.

Kwanza mjue tulichokuwa tunapiga. Kaka ni mtunzi wa muziki, lakini si ule wa kuchezesha watu. Yeye anachukua sauti moja, ya mlango, ya birika, yoyote ile, anaiingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inaifumua kama unavyofumua sweta, uzi mmoja mmoja. Anasema kila sauti ina sauti nyingine nyingi ndani yake, zimelala pamoja. Akishazitenganisha anazigawa: uzi huu upigwe na selo, huu na klarineti, zinazobaki zitoke kwenye spika. Halafu anazivuta, sekunde moja inakuwa robo dakika. Ukisikiliza mara ya kwanza utadhani mafundi bado wanajaribu vyombo. Mama alikuwa anamuuliza, "Mwanangu, wimbo wenyewe unaanza lini?" Naye anamjibu, "Umeisha, mama."

Kazi hii mpya aliipa jina la *Pumzi*. Alituambia ni pumzi ya mama amelala, sekunde sabini na mbili, alizorekodi mchana mmoja miezi miwili kabla mama hajafariki. Akazivuta zikawa dakika kumi na nane. Siku aliyotuletea nota nililia. Nilimkumbatia kaka yangu, nikamshukuru kwa kutubakizia kitu cha mama. Nikikumbuka hilo la kumshukuru, natamani kumnyang'anya shukrani ile.

Tulikuwa wapigaji wawili tu. Mimi nina selo, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Mwenzangu wa klarineti tunamwita Mapafu, kwa sababu anaweza kupuliza bila kukata. Hewa inaingia puani huku mashavu yanaisukuma nyingine nje. Mimi nilipewa noti moja ya chini kabisa, kwenye ule uzi mnene wa selo, juu kidogo ya do. Naishika dakika kumi na moja na robo, halafu nanyamaza hadi mwisho. "Hicho ni kifua cha mama," kaka aliniambia. Mapafu alipewa re ya chini, nayo imepandishwa kidogo, aishike kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Mtunzi," Mapafu alilalamika mazoezini, "dada umempa likizo ya dakika saba. Mimi nimekukosea nini?"

"Ndivyo sauti ilivyo," kaka akamjibu. "Mimi hapo sijabuni chochote."

Mazoezini mara mbili nilisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile ya mama ya kupaka kifuani. Nikajisemea ni msiba tu haujanitoka.

Basi nikafika nyumbani. Kaka ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya mama, na chumba cha mama amekifanya cha kazi. Meza yake iko dirishani. Kitanda cha mama bado kipo, godoro limevalishwa nailoni. Pembeni, chini ya shuka, iko mashine ya oksijeni. Mama aliumwa mapafu, akaishi na mashine ile miezi minane, mpira puani usiku na mchana. Jioni aliyokufa mimi nilikuwa hotelini, napigia watu wanaokula. Kaka akanipigia simu. Alisema umeme ulikatika, betri ya akiba haikushika, na alipopata tochi mama alikuwa ameshalala. "Hakuhangaika," aliniambia. Nililishikilia neno hilo mwaka mzima.

Nikapapasa ukutani, nikawasha taa.

Ni taa ndefu ya mrija. Ikapepesa mara mbili tatu, ikatulia, ikaanza kuvuma.

Re. Imepandishwa kidogo.

Nikabaki na kidole kwenye swichi. Mtu mwingine asingesikia kitu, angetafuta waya akaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya noti ile miezi mitatu, namsikiliza Mapafu anaishikilia hadi mishipa inamtoka shingoni. Ilikuwa ni ile ile, hata kule kupandishwa kwake.

Nikajipa maelezo. Taa ilikuwa inawaka mama aliporekodiwa. Sawa. Lakini nani anawasha taa mchana? Labda kulikuwa na mawingu. Nilijidanganya hivyo kwa kama nusu dakika... kisha macho yangu yakaenda yenyewe kwenye ile shuka.

Sikutaka. Nawaambia ukweli, sikutaka kabisa.

Nikaifunua mashine, nikaichomeka, nikabonyeza. Ikakohoa, ikatetemeka, ikashika.

Noti yangu.

Kifua cha mama, eti. Miezi mitatu nilikuwa naipiga mashine.

Nikakaa kitandani, nailoni ikalia chini yangu, nikaanza kupanga mambo kichwani. Ndani ya *Pumzi* mimi ni mashine na Mapafu ni taa. Mimi nanyamaza dakika ya kumi na moja na robo. Mapafu anaendelea mpaka mwisho. Kwa hiyo mashine ilizimika, taa haikuzimika. Umeme ungekatika, vingenyamaza vyote viwili kwa pamoja. Na taa huwashwa jioni: rekodi ile haikuwa ya mchana wowote, ilikuwa ya jioni aliyokufa.

Umeme haukukatika.

Na hapo, chini ya mngurumo wa mashine, nikasikia kitu kingine. Chepesi. Kinaingia... kinatoka. Kinaingia... kinakwama kidogo... kinatoka. Nilibana pumzi yangu ili nijue kama ni mimi.

Hakikuwa changu.

Nailoni ikabonyea taratibu, upande wa pili wa kitanda, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba.

"Mama?"

Pumzi ikasita, kama mtu aliyeitwa akiwa anasinzia. Halafu ikaendelea.

Sikuzima mashine. Sikuzima taa, sikufunga mlango. Nilijikuta barabarani, waya mkononi, wala sijui niliuchukua saa ngapi. Nikaupeleka ukumbini, nikamwachia mlinzi getini, nikaenda kwangu bila kumwona kaka. Simu yake iliita mara sita. Sikuipokea.

Kesho yake alikuja ukumbini na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na macho mekundu. Akanivuta nyuma ya pazia. Watu walikuwa wameanza kuingia, tunasikia viti vikiburuzwa. Akanong'ona.

"Uliwasha mashine chumbani."

"Ndiyo."

"Nimeizima asubuhi. Usiiwashe tena."

"Ulisikia nini ulipoizima?"

Akaangalia viatu vyake.

"Kaka, taa ilikuwa inawaka," nikamwambia. "Noti ya Mapafu ni ile taa ya chumbani. Yangu ni mashine. Yangu inakatika, yake haikatiki. Sasa niambie tena habari za umeme."

Kaka ni mtu mwerevu. Nilimwona usoni anavyolifikia, hatua kwa hatua, na nikagundua kwamba hakuwahi kuliwaza. Kwake zile zilikuwa nyuzi, namba kwenye kioo. Alizisikiliza mwaka mzima, akatuandikia sisi kwa mkono wake, na hakuwahi kuona kwamba ameandika ushahidi.

"Alikuwa amechoka sana," akasema.

"Usinianzie hapo."

"Mashine ilikuwa inamfunika." "Pumzi yake ilikuwa chini ya ule mngurumo, haisikiki. Nilitaka dakika moja tu. Dakika moja safi. Hata nesi alikuwa anaizima akibadilisha mpira, unajua."

Nilijua. Na yeye nilimjua zaidi. Kaka akitaka kurekodi huzima kila kinachovuma. Feni atazima, friji atazima, halafu anasahau. Sijui ni mara ngapi mama alimwaga maziwa yaliyochacha na kusema mwacheni, ana kazi zake. Taa tu ndiyo hakuizima jioni ile, maana alitaka kuona vipimo vyake.

"Uliiwasha tena lini?"

"Rekodi ilipoisha."

"Sekunde sabini na mbili."

Akatikisa kichwa. "Ni ndefu kuliko hiyo. Nilikata pale inapoanza... inapoanza kuwa mbaya."

"Aliita mtu?"

Akapangusa uso kwa mkono wa shati. Alipofungua mdomo, alisema neno ambalo ndilo sitamsamehe, si kule kuzima, ni hili. Alisema, "Mdogo wangu, kelele ilipoondoka, akabaki yeye peke yake... hujawahi kusikia kitu kizuri kama kile."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka kabisa. Nikamwambia sipigi, sipandi, atafute mashine nyingine ya kumpigia mashine yake. Akanionyesha kwa kidole kupitia upenyo wa pazia. Mama mdogo alikuwa amekaa safu ya mbele, mkoba mapajani, amevaa kama anayekwenda kanisani. "Amekuja kumsikia dada yake," kaka akasema. "Nenda ukamwambie wewe."

Hivyo ndivyo alivyoniweza. Nikapanda.

Lakini nilipanda na jambo langu. Dakika ya kumi na moja na robo ikifika, sitanyamaza. Hatoki mtu hapa na ile sehemu yake nzuri. Nitaifunika kwa mngurumo mpaka mwisho, aaibike mbele ya watu wake. Hiyo tu ndiyo niliyoitaka.

Viti kama arobaini, vimejaa. Mbele yetu saa ndogo ya tarakimu nyekundu, maana muziki wa kaka hauhesabiwi kwa mguu. Yeye pembeni na kompyuta yake. Akainua mkono, Mapafu akaanza, nami nikaweka upinde kwenye uzi.

Dakika ya tano. Ya nane. Spika zilitoa zile nyuzi nyingine, zimevutwa ndefu, zinapanda na kushuka. Ya kumi. Kaka akainua kidole kunikumbusha.

11:15.

Nikaendelea.

Mapafu akanitupia jicho. Kaka akatikisa kichwa. Nikamkazia macho, nikabonyeza upinde zaidi. Kwenye spika, mahali hapo, sauti za juu zilitakiwa kuanza kupanda na kukonda. Nilizijua, nilizisikia miezi mitatu nikiwa nimekaa kimya. Hazikupanda. Badala yake, ile pumzi iliyovutwa ikaanza kujikunja, ikafupika, ikafupika tena... mpaka ikawa kipimo cha mtu.

Inaingia. Inatoka.

Nyuma ya kiti changu.

Kaka akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Nikamwona anainama na kuchomoa spika ukutani, moja, ya pili, vitaa vyake vikafa. Pumzi ikabaki. Harufu ikaja. Mama mdogo akaweka mkono mdomoni, halafu akautoa, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa, "Dada?"

Nywele za kando ya sikio langu zikacheza.

"Usizime."

Ilikuwa sauti ya mama. Imekauka kwa ule mpira, ina aibu kidogo, vile alivyokuwa akiomba maji. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia. Machozi yakanishuka mpaka kwenye mbao za selo, na hasira yote niliyopanda nayo ikaisha. Nilichotaka sasa ni kimoja tu, asikatike.

"Sizimi, mama," nikasema. "Nipo. Sizimi."

Dakika ya kumi na nane ikafika. Mapafu akamaliza, akashusha klarineti yake, akanitazama. Mimi nikaendelea. Ishirini na tano. Watu walikaa, walidhani ndio muziki wenyewe. Thelathini. Uzi mnene unataka uzito. Maumivu yakaanzia begani, yakateremka hadi kwenye gumba. Kila nilipogeuza upinde, pumzi ilisita kidogo, nikajifunza kugeuza upesi ili asisubiri. Arobaini. Ngozi ya gumba ikapasuka. Mkono ukaanza kutetemeka, mtetemo ukaingia kwenye noti, na nyuma yangu mama naye akaanza kupumua kwa kutetemeka.

Kaka akaja, akapiga magoti kando yangu.

"Acha," akanong'ona. "Tafadhali. Acha."

"Nenda nyumbani ukailete mashine."

"Haitasaidia."

"Ilete. Kimbia, nitamshikilia."

Hakuondoka. Uso wake ulikuwa umelowa, alikuwa analia kweli, sitaki kumsingizia. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja. Nikaujua mkao ule. Alikuwa anasikiliza. Nikashusha macho, nikaona simu yake sakafuni, kati ya goti lake na mguu wa kiti changu, kioo kimeelekea juu, na kile kidoti chekundu kinawaka.

Alikuwa anarekodi.

"Acha kupiga," akarudia, safari hii kwa upole zaidi. "Unamfunika."

Sikuamua. Naapa sikuamua. Sijui kama ni neno lake au ni mkono wenyewe uliofika mwisho. Vidole vilifunguka, upinde ukaanguka, ukadunda mara moja sakafuni.

Ukumbi ukawa kimya kabisa.

Pumzi moja, fupi.

Nusu ya nyingine.

Halafu watu wakapiga makofi. Walisimama, wakapiga makofi marefu, kuna mwanamume safu ya nyuma aliyekuwa anafuta miwani. Mama mdogo tu ndiye aliyebaki kwenye kiti chake, anaangalia mahali nyuma yangu. Kaka akaokota simu, akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Imetoka safi," akasema.

Hatujaongea tangu siku hiyo. Nasikia anaandika kazi nyingine. Nilipomuuliza Mapafu alisikia nini, alisema hakusikia kitu zaidi ya selo, alidhani nimepitiwa nikasahau kuangalia saa, akaniuliza kama nimeenda kumwona daktari. Mama mdogo sikumuuliza. Yeye mwenyewe alikuja kwangu wiki iliyofuata, akakaa, akanywa chai, akasema, "Ukiwa tayari, nipigie tena noti ile." Hakutaja jina la mtu.

Kwa hiyo napiga. Jioni, mlango nimefunga, mama mdogo yuko kwenye kiti kando ya dirisha. Hakuna haja ya kompyuta wala spika wala kaka. Noti ile moja inatosha, ikikaa mahali pake. Anakuja baada ya kama dakika kumi. Natunza mkono wangu sasa, nauchua, nauwekea barafu, sibebi hata ndoo. Nimefika saa moja na dakika nane. Nikizidisha mazoezi naweza kufika saa moja na nusu, labda na robo zaidi.

Lakini mkono ni mkono. Kila jioni unafika mahali unakufa ganzi, na mama anajua kabla yangu, nasikia pumzi inavyoanza kuharakisha. Hanigombezi, wala halii. Upinde ukishaondoka kwenye uzi ananisogelea sikioni, na kabla hajanyamaza ananiuliza jambo lile lile.

"Na wewe unazima, mwanangu?"